Mashine Inayolalamika Kila Asubuhi



Siku hizi hapana haja ya kwenda Tabora mjini ili kuona kompyuta. Ziko shuleni, ziko katika zahanati, ziko katika ofisi za vyama vya ushirika, na kando ya barabara kuu waziona katika vibanda vya vijana wanaopiga chapa barua na kutoa nakala za vyeti. Nyingi si mpya. Zimefanya kazi miaka mitano au kumi katika ofisi za Ulaya au Marekani, zikauzwa kwa bei nafuu, zikashushwa Dar es Salaam, kisha zikapanda basi mpaka kwetu. Hilo si jambo la aibu. Mashine iliyotumika, ikitunzwa, yaweza kumlisha mtu na watoto wake. Lakini hufika siku sehemu moja yachoka, fundi aitoa na kutia nyingine, na tangu siku hiyo mashine haiwaki tena kwa amani. Kila asubuhi yaandika maneno ya Kiingereza juu ya kioo cheusi, yapiga mlio, halafu yangoja. Mwenye mali abonyeza kitufe, nayo yaendelea. Kesho yake mambo ni yale yale.

Nataka leo tuzungumze juu ya ugonjwa huo, maana nawaona watu wakipoteza fedha kwa ajili yake, na wengine wakipoteza kitu ambacho fedha haiwezi kukirudisha.

Kwanza tujue mashine yafanya nini inapowashwa. Babu zetu wa Unyamwezi walibeba mizigo kati ya Tabora na Bagamoyo, kila mpagazi kadiri ya frasila mbili begani, na mnyampara alipaswa kuijua mizigo ya watu wake. Ndani ya kompyuta yuko mnyampara wa namna hiyo. Ni programu ndogo iliyoandikwa katika kijipande cha mazabodi, yaani ule ubao mkubwa unaoshika vyombo vyote, nao mafundi huiita baiosi. Yeye huamka kabla ya Windows. Huhesabu: ramu ni kiasi gani? Feni yazunguka? Kibodi ipo? Diski iko mahali pake? Saa yasema ni siku gani? Kisha huyalinganisha majibu hayo na orodha aliyoiweka jana. Hesabu ikilingana, awaachia wasafiri njia. Isipolingana, apiga kelele.

Sasa tazama. Ulikuwa na ramu ya gigabaiti 4, ukatia nyingine ukapata 8. Orodha ya jana yasema 4, macho ya leo yaona 8. Mnyampara alalamika. Je, kuna kitu kilichoharibika? Hapana hata kimoja. Ataka tu umruhusu kuandika orodha mpya. Mashine nyingi za HP za ofisini huandika namba 164 na maneno ya kwamba ukubwa wa kumbukumbu umebadilika. Ukibonyeza F1 kuyakubali mabadiliko, kwa kawaida neno hilo halirudi. Likirudi kila siku, basi ama ile ramu haikukaa vizuri katika mfereji wake, hata leo yaonekana na kesho haionekani, ama mnyampara hana mahali pa kuitunza orodha yake. Habari ya mahali hapo nitaieleza punde, maana ndiyo shina la taabu nyingi.

Kelele nyingine hunichekesha. Mashine za Dell OptiPlex, ambazo ni nyingi sana huku kwetu, nyingine zina kidude kidogo kinachojua kama kifuniko kimefunguliwa. Ziliundwa kwa ajili ya ofisi kubwa, ili mkubwa wa kazi ajue kama mtu ameingiza mkono ndani. Basi fundi wako afungua, atia feni mpya, afunga, na kesho yake mashine yaandika kwamba kifuniko kiliondolewa. Wabonyeza F1, yaendelea, lakini haisamehi. Wengine wamemrudia fundi mara mbili na tatu kwa neno hilo, na fundi asiyelijua hubadilisha kitu kingine, akifungua kifuniko tena! Dawa yake haina gharama. Washa mashine, bonyeza F2 mara kwa mara mpaka yafunguka kurasa za baiosi, nenda penye habari za usalama, tafuta mahali palipoandikwa Chassis Intrusion, ufute onyo, uhifadhi, utoke.

Natia mkazo neno hilo la kuhifadhi. Watu wengi huingia, hurekebisha, kisha huzima mashine kwa kuchomoa waya. Hapo hawakuandika kitu. Lazima uchague neno la kuhifadhi na kutoka, ambalo katika mashine nyingi ni kitufe F10. Kuhusu mlango wenyewe wa kuingilia, Dell hutumia F2, HP hutumia F10, Lenovo za mezani mara nyingi F1, na mashine nyingine kitufe cha Delete. Usiogope kubonyeza mara nyingi, maana nafasi yake ni sekunde chache tu.

Haya, turudi kwenye mahali pa kutunzia orodha. Kompyuta ya IBM iliyotoka mwaka 1981, ambayo ndiyo mama wa hizi zetu, haikukumbuka kitu. Ukitia kifaa kipya, ulifungua kifuniko na kusogeza viswichi vidogo juu ya ubao kwa ncha ya kalamu. Mwaka 1984 IBM ilitoa mashine nyingine yenye saa ndani yake na kumbukumbu ndogo mno, vyote vikilishwa na betri hata umeme ukizimwa. Tangu hapo orodha ikaandikwa humo. Na katika mashine hiyo zilikuwamo namba za makosa, kama 163 ya saa isiyowekwa, pamoja na desturi ya kubonyeza F1 ili kuendelea. Miaka zaidi ya 40 imepita, na F1 ile ile ingali yatungoja asubuhi.

(Pengine mzee mmoja atauliza mbona mambo haya ya mwaka 1984 hatukuyasikia hapa. Ni kweli. Kompyuta ya kwanza nchini iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, lakini mwaka 1974 Serikali ilipiga marufuku kuziingiza, na marufuku hiyo ilikaa miaka mingi. Ndiyo sababu wengi wetu tulikutana na mashine hizi tukiwa watu wazima.)

Betri yenyewe ni duara kama sarafu, yang'aa, nayo imekaa wazi juu ya mazabodi. Juu yake yameandikwa CR2032. Namba hiyo si fumbo: 20 ni upana wake kwa milimita, na 32 ni unene wake, milimita 3 na sehemu 2 za kumi. Nguvu yake ni volti 3. Hudumu miaka kadhaa, na mashine ikiwa imeunganishwa na umeme wakati wote betri haitumiki sana, maana saa hulishwa na umeme wa ukutani hata kompyuta ikiwa imezimwa. Lakini sisi wa vijijini twafanyaje? Jioni twachomoa kila kitu kwa kuogopa radi, na tunafanya vema. Wengine hutumia umeme wa jua na huzima kabisa usiku ili kulinda betri kubwa. Umeme wa gridi nao hukatika. Basi yule mnyampara hula akiba ya ile sarafu usiku kucha, mwaka baada ya mwaka, na mashine iliyokuja kwetu ikiwa na miaka minane tayari haina akiba ndefu.

Betri ikifa, mashine husahau. Tarehe yarudi nyuma miaka mingi, orodha yafutika, na kila asubuhi ni kama amezaliwa leo. Wengi hawaioni tarehe, wanaona jambo jingine: intaneti yakataa. Kila ukurasa wasema si salama. Wanalaumu kampuni ya simu, wananunua bando jingine, nalo lakataa vile vile. Sababu ni kwamba kurasa za siku hizi huonyesha hati yenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Mashine inayodhani tuko mwaka 2010 huiona hati ya leo kuwa ya wakati usiofika bado, na huikataa kwa haki.

Utajuaje kama ni betri? Fanya hivi. Weka tarehe sahihi katika baiosi, uhifadhi. Zima na uwashe mara mbili bila kuchomoa waya. Malalamiko yakinyamaza, usifurahi bado. Jioni zima, chomoa waya ukutani, uache mpaka asubuhi. Yakirudi baada ya usiku ule bila umeme, betri ndiyo mgonjwa, wala usimruhusu mtu akuuzie mazabodi. Fundi mwenye kipimo cha volti aweza kuhakikisha kwa dakika moja. Betri mpya yapasa kuonyesha volti 3 au zaidi kidogo. Uipime hata ile unayoinunua, maana nimeziona dukani zilizokaa juani mpaka zimekufa ndani ya karatasi yake.

Hapa sasa nafika penye jambo lililonifanya nishike kalamu juma hili.

Dada mmoja ana kibanda cha kupiga chapa kando ya barabara. Sitamtaja jina. Mashine yake ilianza kuandika habari ya saa kila asubuhi baada ya kuongezwa ramu. Fundi mmoja akagundua vizuri kwamba betri imechoka, akatoa ya zamani, akatia mpya. Mpaka hapo kazi njema. Lakini alipowasha, mashine ikaandika kwamba hakuna diski ya kuwashia. Fundi akatazama, akatikisa kichwa, akasema Windows imekufa, lazima kufuta diski na kuweka nyingine. Dada akaogopa, akakubali. Jioni mashine iliwaka safi, haina malalamiko hata moja, na haina kitu. Mihutasari ya vikundi vya akina mama, hesabu za wadeni wake, barua za maombi ya kazi za vijana, mitihani ya shule mbili, picha za mazishi ya baba yake: vyote vimekwenda. Alikuja ofisini kuniuliza kama vyaweza kurudishwa. Nilimwambia asiiwashe tena, maana kila kinachoandikwa juu ya diski iliyofutwa hukanyaga vile vya chini, na tukampelekea mtu wa Tabora mwenye programu ya kuokoa. Alipata sehemu, si vyote. Hesabu za wadeni hazikuonekana.

Na ile Windows haikufa. Nakueleza kilichotokea, ili ukikutane nacho ukiwa macho wazi.

Betri inapotolewa, mnyampara husahau yote, hata namna ya kusoma diski na namna ya kuiwasha. Kuna namna mbili za kuwasha: ya zamani, ambayo katika kurasa zile huitwa Legacy, na mpya iitwayo UEFI. Windows iliyowekwa kwa namna moja kwa kawaida haiamki kwa nyingine. Kadhalika kuna namna ya kuisoma diski, ambayo huandikwa AHCI au RAID. Mashine nyingi za Dell OptiPlex zikisahau hurudi kwenye RAID, kwa kuwa ndivyo zilivyotoka kiwandani, hali aliyeiweka Windows pengine alichagua AHCI. Hapo Windows yaanza kuamka, kisha yaanguka na kioo kuwa cha rangi ya samawati. Diski ni nzima, mali imo ndani, mlango tu umebadilishwa kufuli. Ingia katika baiosi, geuza neno moja, uhifadhi, uwashe. Ukiona haikubali, lirudishe lilivyokuwa na ujaribu lile jingine. Kazi hiyo haifuti kitu.

Kwa hiyo kabla fundi hajaitoa betri, kama mashine bado yakumbuka, ingia katika baiosi na upige picha ya kila ukurasa kwa simu yako. Itakuchukua dakika tano. Na fundi akisema neno kufuta, au kufomati, mwambie: Ngoja, bwana fundi. Tuonyeshe kwanza kama baiosi yaiona diski. Ikiwa jina la diski laonekana pale, kuna tumaini kubwa, na yafaa kwanza kuitoa, kuiunganisha na mashine nyingine kwa waya wake, na kunakili mali yote. Fundi mwema hatakasirika kwa ombi hilo. Anayekasirika, mpe shukrani zake na umwambie utarudi.

Kwa kompyuta mpya za mkononi kuna neno la kuongeza. Nyingine zimefunga diski kwa ufunguo wa siri, na mazabodi ikibadilishwa, au hata baiosi ikiguswa, mashine huuliza ufunguo wenye tarakimu 48. Asiye nao hafungui, hata awe fundi hodari wa Mwanza. Mara nyingi ufunguo huo umehifadhiwa katika akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine. Utafute na kuuandika katika karatasi kabla ya matengenezo.

Turudi kwenye malalamiko ya kweli, maana si kila kelele ni ya kunyamazisha. Mashine ikisema feni haizunguki, isikilize. Vumbi la Nzega wakati wa kiangazi walijua wenyewe, na mjusi hupenda joto. Fungua utazame kwa macho. Lakini ikiwa feni mpya yazunguka vizuri na malalamiko yangali yapo, hesabu nyaya zake. Feni ya nyaya mbili hupokea umeme tu. Waya wa tatu ndio unaopeleka habari ya mwendo, na wa nne hupokea amri ya kwenda mbio au pole. Fundi akitia feni ya nyaya mbili mahali pa feni ya nyaya nne, itazunguka, lakini mnyampara hasikii habari yake, na atalia kila siku kwamba feni haipo. Au feni ni sawa ila imechomekwa penye tundu jingine. Kuna watu huingia katika baiosi na kuzima kabisa ulinzi wa feni ili wapate kimya. Sikubaliani nao, maana siku feni itakapokufa kweli hapana atakayewaambia.

Na mashine ikiandika kwamba diski yakaribia kuharibika, hapo usibonyeze F1 na kuendelea na kazi kama kawaida. Nakili vitu vyako siku hiyo hiyo, kabla ya barua ya mteja yeyote. Onyo hilo hutoka katika diski yenyewe, ambayo hujihesabia majeraha yake.

Kwa shida za ramu, dawa ya kwanza ni ya mwalimu wa shule: kifutio cha penseli. Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde chache ili umeme uliobaki uishe, gusa chuma cha kasha kwa mkono. Toa ramu, sugua taratibu meno yake ya rangi ya dhahabu kwa kifutio safi, pangusa, rudisha mpaka usikie vishikio vinalia. Ikiwa bado, rudisha ile ya zamani peke yake. Malalamiko yakikoma, mpya ndiyo yenye kosa au haipatani na mashine, nawe irudishe dukani mapema. Njia hii ya kurudisha kifaa cha zamani yafaa kwa karibu kila kitu, hata kwa kibodi na diski. Kwa hiyo usikubali fundi aondoke na kifaa chako cha zamani kabla mashine haijakaa juma moja bila neno.

Na maneno ya kwenye kioo yaandike yalivyo, au yapige picha. Kumwambia fundi kwa simu kwamba imeandika Kiingereza kingi hakumsaidii.

Neno la mwisho ni kwa akina mama na wote wenye watoto wadogo. Ile betri ya sarafu iliyotolewa usiiache mezani wala usimpe mtoto achezee. Yapita kinywani kwa urahisi na kunasa kooni, na hapo huunguza nyama kwa nguvu ya umeme. Madhara makubwa yaweza kutokea ndani ya saa mbili, hata betri ikiwa imechoka kwa kompyuta. Mtoto akiimeza, au ukidhani ameimeza, usimtapishe. Mpeleke hospitali saa hiyo hiyo yenye mashine ya kupiga picha ya eksirei, na uchukue betri nyingine ya namna ile ile, au karatasi yake, umwonyeshe daktari. Ile iliyokwisha izungushie utepe wa gundi pande zote mbili, uiweke juu katika kopo lenye kifuniko, wala usiitupe motoni.